Koleo limevunjika: jibu kwa msomaji aliyechoka kuambiwa asikate tamaa

SWALI

"Shikamoo mtaalamu. Nina miaka 38. Nilipomaliza masomo nikiwa na miaka 23 niliandika malengo matano kwenye daftari, na kila moja nikaliwekea mwaka wake: kusoma hadi shahada ya uzamili, kuwa na biashara yangu, kuolewa na kupata watoto wawili, kumjengea mama nyumba, na kufika miaka 40 nikiwa sidaiwi na mtu. Biashara niliianzisha, ikafa mwaka wa pili, ikaniachia madeni ambayo mpaka leo nalipa. Masomo niliyaacha nusu. Uchumba ulivunjika. Mama alifariki miaka mitatu iliyopita akiwa kwenye nyumba ya kupanga. Nimeajiriwa na kazi si mbaya, lakini asubuhi naamka sioni ninachoamkia. Nikimweleza mtu, ananiambia nisikate tamaa, mvumilivu hula mbivu. Nimechoka kuambiwa hivyo. Naomba ukweli: hamu ya maisha inarudi vipi kwa mtu ambaye malengo yake yameshampita? Na je, mtu anaweza kuwa na furaha bila kufika alikotaka kufika?"

JIBU

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako nimeirudia mara kadhaa, na kila mara nimekwama mahali palepale: pale unaposema mama alifariki "akiwa kwenye nyumba ya kupanga". Hukusema aliugua nini, wala mlivyoishi naye. Umetaja nyumba tu. Nitaparudia hapo, maana pana uzito kuliko maneno machache uliyopatengea.

Lakini kuna maswali siwezi kuyaruka. Kuamka bila kuona cha kuamkia kunaweza kuwa huzuni ya mtu aliyefungiwa njia, na kunaweza kuwa ugonjwa, ule tunaouita sonona. Kwa mbali vinafanana. Basi jipime. Je, kwa wiki mbili au zaidi umekuwa hivyo karibu kila siku, sehemu kubwa ya siku? Usingizi umekukimbia, au umekuzidi? Chakula hakipiti? Je, hata vitu ulivyokuwa ukivifurahia bila kuvihusisha na lengo lolote, soga na rafiki, muziki, matembezi, navyo vimekuwa vitupu? Unajiona huna thamani? Kama jibu ni ndiyo kwa mengi ya haya, barua yangu haikutoshi. Nenda hospitali ukaonane na daktari au mwanasaikolojia, kama ambavyo ungekwenda kwa homa isiyoshuka. Sonona inatibika, kwa mazungumzo ya tiba, kwa dawa, au kwa vyote viwili. Na kama mawazo ya kutaka kufa yamekupitia, usisubiri kumaliza kusoma hapa: mwambie mtu leo, na usikae peke yako.

Naendelea nikichukulia kwamba umejipima na kwamba unaenda kazini, unalala, unacheka mara mojamoja, ila ndani pamepoa.

Sasa hiyo "mvumilivu hula mbivu". Umechoka nayo na una haki. Methali zetu hazikuwekwa ziwe amri. Zilikuja mbilimbili, kila moja na mwenzake wa kuipinga, ili mwenye busara achague inayofaa siku ile. Wazee haohao waliotuambia tuvumilie ndio waliosema maji yakimwagika hayazoleki. Rafiki zako wanakupa upande mmoja tu kwa sababu upande wa pili unawatisha wao, si wewe. Kumwambia mtu "usikate tamaa" ni rahisi kuliko kukaa naye akuonyeshe kilichomwagika.

Nami nitakuambia jambo ambalo huenda hukulitarajia kutoka kwa mtu wa fani yangu. Baadhi ya malengo yako unapaswa kuyaacha. Si yote. Kazi yetu hapa ni kujua yapi.

Mwaka 1975 mwanasaikolojia Mmarekani, Eric Klinger, alieleza kinachompata mtu anapozuiwa kufikia kitu alichokwisha kukipania. Kwanza huongeza nguvu, husukuma zaidi. Ikishindikana huja hasira. Hasira nayo ikishindwa kufungua njia, mtu hunyong'onyea, na ajabu ni kwamba unyong'onyevu huo hauishii kwenye kile alichokikosa. Hata vitu visivyohusika hupoteza ladha. Halafu, taratibu, huinuka. Klinger hakuuona mteremko ule kama kuharibika kwa mtu. Aliuona kama njia ambayo moyo huitumia kufungua vidole vyake, kimoja kimoja, kutoka kwenye kitu ulichokuwa umekikamata.

Wengine walifuatilia wazo hilo. Carsten Wrosch na Gregory Miller walichapisha mwaka 2009 utafiti juu ya wasichana waliokuwa katika umri wa ujana. Walioonyesha dalili za kunyong'onyea mwanzoni ndio ambao baadaye walipata uwezo zaidi wa kuachana na malengo yasiyofikika, na uwezo huo ukafuatiwa na dalili kupungua. Maana yake si kwamba huzuni ni nzuri. Maana yake ni kwamba wakati mwingine huzuni ina kazi ya kufanya, na ukiiacha ifanye kazi yake, huenda ikapungua.

Wewe je? Nikikusoma, naona umeshuka ngazi zote ukafika chini kabisa, lakini mkono mmoja bado umeshika kamba. Kwa vitendo, malengo yako mengi umeshayaacha. Hujafungua kitabu cha masomo yale kwa miaka, sidhani kama nakosea. Kwa moyo hujaacha hata moja. Bado yapo kwenye daftari, kila moja na mwaka wake uliopita, na kila siku unayapigia hesabu. Huko ndiko nguvu zako zinakokwenda. Ni kama taa iliyoachwa ikiwaka kwenye chumba kisicho na mtu: haimwangazii yeyote, lakini gharama yake inalipwa.

Mwaka 2003 huyohuyo Wrosch na wenzake walitoa matokeo ya tafiti tatu, ya mwisho ikiwahusu wazazi wenye watoto wanaougua saratani. Walikuwa wanatafuta kujua ni nani anayesimama imara pale lengo linapokuwa halifikiki. Walikuta uwezo wa namna mbili, na ni muhimu kutozichanganya: kuachilia kile kisichowezekana, na kushika kingine chenye maana. Mtu anaweza kuwa na mmoja akakosa wa pili. Wapo wanaoachilia haraka wakabaki mikono mitupu, wanaelea. Wapo walioshika mapya mengi huku ya zamani yakiwaning'inia mgongoni. Afya ya moyo ilikwenda pamoja na uwezo wote huo, kila mmoja kwa nafasi yake.

Nakiri kwamba kusoma haya ni rahisi kuliko kuyafanya. Mimi mwenyewe nilikaa miaka sita nikijiita mtu "anayekaribia kuanza" shahada ya uzamivu. Sikuianza, sikuiacha. Niliwaonea wivu wenzangu na nikakataa kazi nzuri mbili kwa sababu zingenizuia kusoma ambako sikuwa nasoma. Siku nilipomwambia mke wangu kwa sauti, "Sitasoma tena," nililia kama mtoto, kisha nikalala saa kumi mfululizo.

Kuna methali moja ambayo watu huitumia kutiana moyo bila kuisikiliza vizuri: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Isikilize tena. Haisemi koleo litaungika. Haisemi subiri, omba, jitahidi, koleo litarudi. Inakiri mapema kabisa kwamba limevunjika. Inachokataa ni kuchanganya chombo na kazi. Koleo ni chuma cha kushikia chuma cha moto. Uhunzi ni yale mhunzi anayoyajua mikononi mwake na sababu ya yeye kuamka kabla ya jua. Kila lengo uliloandika ukiwa na miaka 23 lilikuwa koleo. Swali ni lilikuwa la uhunzi gani.

Tulifungue basi hilo daftari, na nitaanza na lile ulilolipita haraka.

Nyumba ya mama. Hili limevunjika na haliungiki. Hakuna mpango wala bidii itakayomwingiza mama yako kwenye nyumba ile. Nalisema waziwazi kwa sababu nahofia hakuna mtu aliyekuambia hivyo, na lengo lisilozikwa huendelea kudai chakula. Watu walikuja kumzika mama yako. Nyumba yake haikuzikwa na mtu.

Fanya hivi, hata kama utaona ni jambo la ajabu. Kaa peke yako uandike siku ile ambayo haikuja: umemkabidhi funguo, amesimama mlangoni. Uliandaa kumwambia nini? Usiandike hotuba, andika sentensi moja. Nimewahi kuwapa watu zoezi hili na majibu hayafanani. Mmoja aliandika, "Sasa hakuna atakayekufukuza." Mwingine, "Niliona ulivyohangaika." Mwingine alishtuka kugundua kwamba sentensi yake haikuwa ya mama hata kidogo; ilikuwa, "Mnaniona sasa?" na walengwa walikuwa ndugu. Sentensi hiyo ndiyo uhunzi. Kama yako ni kwamba uliona alivyohangaika, wapo watu walio hai unaowaona wakihangaika, na kuna namna za kuwaambia hivyo zisizohitaji tofali hata moja. Kama ni ya kutaka kuonwa, ni vizuri ujue mapema, kabla hujajenga nyumba nyingine kwa sababu hiyohiyo.

Kisha watafute watu wawili waliokuwa karibu na mama yako miaka yake ya mwisho, uwaulize alikuwa akikuzungumziaje. Sijui watasema nini. Ila katika miaka yangu ya kukaa na waliofiwa nimeona jambo hili likijirudia: mtoto anajihukumu kwa kitu ambacho mzazi hakuwahi kukiweka kwenye mizani.

Halafu ulie. Sina kifupisho cha hapo.

Masomo ni jambo jepesi zaidi, sitakaa hapo. Koleo hili halijavunjika, limeachwa nje likashika kutu. Jiulize: kama ungeruhusiwa kusoma yote yaliyobaki lakini usipewe cheti wala mtu yeyote asijue, ungesoma? Ukisema ndiyo, una hamu ya elimu, na njia za kuitimiza ni nyingi, zikiwamo zisizo na chuo. Ukisema hapana, ulitaka cheo au mshahara, jambo ambalo si dhambi, lakini basi piga hesabu kavu kama cheti hicho bado kinaleta hicho unachokitaka katika kazi uliyo nayo leo. Kama hakileti, funga faili.

Biashara inahitaji ukweli mchungu kidogo. Watu husema "nataka biashara yangu" wakimaanisha mambo matatu tofauti: kutoamrishwa, kupata fedha zaidi, au kuona kitu nilichokianzisha kwa mikono yangu kikisimama. Nahisi yako ni hiyo ya tatu, kwa sababu hukulalamikia mshahara wala mkuu wako. Kama ni hivyo, huhitaji kusubiri mtaji. Unahitaji kitu chenye ukubwa wa leo.

Mwanasaikolojia Mjerumani Paul Baltes, aliyechunguza namna watu wanavyozeeka vizuri, alipenda kutoa mfano wa mpiga piano Arthur Rubinstein, aliyezaliwa mwaka 1887 na kupiga onyesho lake la mwisho mwaka 1976. Alipoulizwa anawezaje bado kupiga vile katika umri wa miaka 80, alitaja mambo matatu. Alipunguza idadi ya vipande anavyovipiga. Hivyo vichache akavifanyia mazoezi zaidi. Na palipokuwa na sehemu ya kasi, alipunguza mwendo kabla ya kuifikia, ili kasi yake iliyopungua isikike kubwa. Huyu hakung'ang'ania kupiga kama kijana wa miaka 30, na hakufunga piano. Aliuliza ni nini bado kinawezekana kwa vidole alivyo navyo. Wewe vidole vyako ni saa ngapi kwa wiki, na ujuzi gani uliobaki nao baada ya biashara ile kufa? Maana ulibaki na ujuzi, hata kama ulikuja na madeni.

Ndoa na watoto. Hapa sitakudanganya kwa kukutia moyo. Uliyafunga mambo mawili kwenye mstari mmoja, na kwa mwanamke wa miaka 38 hayana kalenda moja. Kupata mwenza hakuna mwaka wa mwisho. Kubeba mimba kuna mipaka, na uwezo huo hushuka kwa kasi zaidi kuanzia katikati ya miaka ya 30. Hivyo kama kuzaa ni jambo unalolitaka kweli, usilifanyie uamuzi kwa maneno ya mashangazi wala kwa kimya; panga miadi na daktari wa uzazi, upate majibu ya mwili wako mwenyewe. Ukishayapata utajua kama unaendelea, unabadili njia, au unaomboleza. Kulea ni uhunzi, kuzaa ni koleo mojawapo. Lakini sitaki kulisema hilo upesi mno, kwa sababu wapo ambao kwao kuzaa kwenyewe ndiko walikokutaka, na hakuna mbadala wanaouona sawa. Kama ndiwe mmoja wao, hilo nalo ni lako kulisema.

Nimelibakiza deni. Umeliandika kama aibu, katikati ya sentensi, "madeni ambayo mpaka leo nalipa". Mimi niliposoma hapo nilitabasamu. Mdogo wangu, hilo ndilo lengo pekee kati ya matano ambalo linatembea. Uliandika unataka kutodaiwa, na mwezi hadi mwezi unalipa, miaka sasa, ukiwa huna hamu na huna wa kukupongeza. Mtu asiye na msukumo halipi deni la biashara iliyokufa. Unachokosa ni kuona mwendo wako, kwa kuwa umekaza macho kwenye miaka 40, na miaka 40 imewekwa na binti wa miaka 23 ambaye hakuwahi kudaiwa hata siku moja.

Kuona mwendo si jambo dogo. Teresa Amabile na wenzake walikusanya kumbukumbu za kila siku kutoka kwa wafanyakazi 238, karibu kumbukumbu 12,000 kwa jumla, kutafuta ni nini kinachoifanya siku ya kazi iwe nzuri moyoni. Kilichojitokeza mbele ya vingine ni kusonga mbele katika kazi yenye maana kwa mhusika, hata hatua ndogo. Basi chora mstari wa deni lako tangu lilipoanza hadi leo, uubandike unapouona. Kila ukilipa, upunguze kwa kalamu. Ni kazi ya dakika moja kwa mwezi, na nadhani itakushangaza.

Hapo tumegusa swali lako la hamu. Wengi wetu tunaamini hamu hutangulia na kitendo hufuata, kwa hiyo tunakaa tukiisubiri kama abiria. Kwa mtu aliyepoa, mpangilio huo mara nyingi hugeuka. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake walichapisha utafiti wa watu 150 waliokuwa na sonona. Kundi moja lilipewa tiba kamili ya kubadili fikra na mienendo, jingine likapewa sehemu ya tiba hiyo, na la tatu likasaidiwa kufanya jambo moja tu: kupanga shughuli na kuzitekeleza, hamu iwepo isiwepo. Tiba ilipokwisha, na hata miezi sita baadaye, kundi hili la shughuli halikuwa nyuma ya wenzao. Vitendo vilikuwa vimeifuata hamu kule ilikojificha.

Kwa nini iwe hivyo? Kuna kisa katika fani yetu ambacho nakipenda. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walionyesha kwamba mbwa waliopigwa na umeme wasioweza kuuzima, baadaye wengi wao walilala tu na kuvumilia hata walipowekwa mahali ambapo wangeruka kidogo wakaepuka. Tukafundishwa, nasi tukafundisha, kwamba wanyama wale walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016, baada ya miaka mingi ya Maier kuchunguza ubongo, hao hao wawili waliandika kwamba walikuwa wameielewa kinyume. Kulegea mbele ya mateso yanayorefuka hakujifunzwi; ndivyo mwili ulivyo tangu mwanzo. Kinachojifunzwa ni kwamba "hapa naweza kubadilisha kitu", na ni sehemu ya mbele ya ubongo inayojifunza hilo, kisha ikaituliza ile ya ndani inayotulegeza. (Watafiti wanaojipinga wenyewe baada ya karibu miaka 50 ni wachache. Niliwaheshimu zaidi.)

Kwako hii ina maana moja ya vitendo. Hujaharibika kwa kulegea; mwili wako umefanya kile ambacho miili hufanya. Unachohitaji ni ushahidi mpya, mdogomdogo, kwamba mkono wako ukigusa kitu, kitu hubadilika. Ndiyo maana nisingependa uanze na lengo kubwa la kujikomboa. Anza na kitu ambacho matokeo yake yanategemea wewe peke yako na yanaonekana kabla ya jua kuzama: kabati lililokushinda kulipanga, simu moja uliyoiahirisha, nusu saa ya kutembea. Na usiseme "wiki hii nitatembea". Peter Gollwitzer ameonyesha katika tafiti nyingi kwamba nia hutimia zaidi inapofungwa kwenye wakati au tukio: nikifika tu nyumbani kutoka kazini, kabla ya kukaa, nabadili viatu natoka. Uamuzi unakuwa umeshafanywa na wewe wa asubuhi, ambaye hakuwa amechoka.

Usifanye lile zoezi linalopendwa mno na wahamasishaji, la kufumba macho na kujiona umeshafanikiwa. Gabriele Oettingen na Thomas Wadden waliwafuatilia wanawake 25 waliokuwa kwenye mpango wa kupunguza uzito, na matokeo yakatoka mwaka 1991. Waliotegemea kwa dhati kwamba wataweza walipungua zaidi. Lakini wale waliokuwa na njozi tamu zaidi za kujiona wameshapungua ndio waliopungua kidogo baada ya mwaka. Njozi hulipa mapema, na aliyeshalipwa haoni sababu ya kutoka jasho. Ukitaka kuwaza mbele, waza lengo, kisha mara hiyohiyo uwaze kizuizi, kile cha ndani yako hasa, na utakachofanya kitakapokuja.

Umeuliza pia kama mtu anaweza kuwa na furaha bila kufika. Ndiyo. Nakujibu kwa neno moja kwa sababu hili ni miongoni mwa mambo machache ambayo sina shaka nayo. Mwaka 1998 Daniel Gilbert na wenzake waliwauliza wahadhiri wa chuo kikuu kimoja cha Marekani wangejisikiaje wakinyimwa ajira ya kudumu, jambo ambalo kwa mhadhiri ni kama kuanguka kwa dari. Walitabiri huzuni kubwa ya miaka. Waliowahi kunyimwa kweli, walipoulizwa, hawakuwa na furaha pungufu ya kutajika kuliko waliopata. Tunakosea katika kukisia maumivu ya kukosa, kama tunavyokosea katika kukisia utamu wa kupata. Sisemi hivyo juu ya kifo cha mama yako, hicho ni kitu kingine. Nasema juu ya shahada, kampuni na miaka 40.

Ila furaha hiyo haikai na mtu anayejipima kila jioni. Ukiwa na watu wa rika lako ambao kila ukiangalia picha zao kwenye simu unatoka umepungua, wanyamazishe kwa miezi mitatu. Si chuki. Baadaye utawarudia.

Daftari usilichome. Najua ulishawaza kulichoma, karibu wote huwaza. Fungua ukurasa mpya mbele yake, usiandike miaka. Kwenye nyumba ya mama, andika ile sentensi moja, kisha tarehe ya leo, kisha upigie mstari. Masomo, andika jibu la swali la cheti. Biashara, andika saa ngapi kwa wiki. Mstari wa ndoa na watoto uache mtupu mpaka utoke kwa daktari. Deni libandike ukutani.

Na siku utakayolipa la mwisho, niandikie. Ukiwa na miaka 40 au 43, barua nitaisoma vilevile.